UZI: Binti anaingia gredi ya 9 huku Marekani, anataka AP Human Geography, kaunsela hataki. Nifanyeje?

MamaNeema_TX

Habari za muda huu wakuu, poleni na mihangaiko. Nina jambo nataka mnisaidie hasa nyie wenye watoto haiskuli huku Marekani maana mimi shule nimesoma Morogoro mpaka form six, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), ndo nikaja huku na hii mifumo yao hadi leo inanichanganya. Binti yangu anamaliza gredi ya 8, mwezi wa nane anaingia ya 9, kaleta fomu ya kuchagua masomo na upande wa maarifa ya jamii kuna mawili, jiografia ya kawaida au AP (Advanced Placement) Human Geography, jiografia ya watu na jamii, ambayo wanasema ni ya kiwango cha chuo kikuu. Yeye anataka AP. Kaunsela alivyoona kwenye faili kwamba nyumbani tunaongea Kiswahili akasema aanze na ya kawaida asije akaelemewa, wakati mtoto ana A tupu na Kiingereza anakiongea kuliko mimi. Kwa kweli niliumia.

Sasa baba yake naye ana lake, anasema kama ni AP basi achukue za hesabu na sayansi, hizi za historia na jiografia hazileti ugali mezani, nikimwambia mimi nimesoma HGL anacheka anasema ndo ushahidi wenyewe huo 😂

Naomba mnijuze, hii kitu ina faida kweli au ni kumchosha mtoto wa miaka 14? Na hayo mambo ya krediti za chuo yanakuaje? Karibuni.

Kibwengo

Ngoja waje wajuzi, nimeweka kambi hapa na chai yangu.

MwalimuWaZamu

Mama Neema habari. Mimi nafundisha social studies haiskuli huku Maryland, nimeanza na historia ya kawaida sasa hivi nina madarasa ya AP World, ngoja nikupe picha.

AP inaendeshwa na College Board, wale wale wa SAT, mtihani wa kuombea chuo, ilianza miaka ya 1950. Mtoto anasoma kozi shuleni mwaka mzima, mwezi wa tano anafanya mtihani mmoja wa nchi nzima, matokeo yanatoka mwezi wa saba kwa alama 1 mpaka 5. Tatu ndo inahesabika kafaulu, lakini kama chuo kitampa krediti, yaani kumhesabia kozi hiyo ameshaisoma, kwa hiyo 3 au kitataka 4 au 5 ni chuo chenyewe kinaamua, College Board hana mamlaka hapo. Na elewa vitu viwili tofauti: gredi ya darasani inaingia kwenye GPA yake, ule wastani wa gredi zote (shule nyingi zinaongezea uzito, A ya AP inahesabiwa 5 badala ya 4), halafu alama ya mtihani ndo inayoleta krediti. Mtoto anaweza kupata A darasani na 2 kwenye mtihani, naona kila mwaka.

Kwenye jamii yetu hii ya masomo kuna Human Geography, World History, European History, US History ambayo watoto wanaiita APUSH, kuna mbili za serikali (ya Marekani na ya kulinganisha nchi), kuna uchumi mbili, Psychology, na African American Studies ambayo ni mpya. Human Geography ndo mlango wa watoto wa gredi ya 9 sehemu nyingi, Texas hasa.

Kuhusu kaunsela: usigombane naye, muandikie barua pepe. Muulize ni kigezo gani cha wilaya kinamzuia mtoto mwenye A asiingie, na kama ipo fomu ya mzazi kusaini kwamba anakubali mtoto aingie kwa jukumu lake. Wilaya nyingi ipo hiyo fomu ila haitangazwi. College Board wenyewe wanazihimiza shule zifungue milango kwa kila mtoto aliye tayari, kwa hiyo lugha ya nyumbani siyo kigezo, akikujibu kwa maandishi utaona lugha inavyolainika.

Mjomba_Houston

Mwambie shemeji hivi, Texas kuna sheria ya jimbo, ukisoma digrii yoyote chuo cha umma, iwe injinia iwe uhasibu iwe kompyuta, lazima upate saa 6 za krediti za historia ya Marekani na saa 6 za masomo ya serikali. Hakuna kukwepa!! Mimi nilikuja nimeshiba nikidhani nasoma umeme tu, nikajikuta nipo darasani na watoto wa miaka 18 nasoma habari za Reconstruction, ile miaka ya baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, huku nalipia kila saa kwa hela ya zamu za usiku. Sasa mtoto akifanya APUSH gredi ya 11 akapata alama nzuri, hizo 6 za historia anaweza akawa amezimaliza kabla hajafika chuo. Na kwa sheria ya Texas vyuo vya umma kwa kawaida vinatakiwa vikubali kuanzia 3 labda chuo kionyeshe ushahidi kwamba somo hilo linahitaji zaidi.

Za serikali ni ujanja kidogo, nusu yake ni katiba ya Texas yenyewe ambayo AP haigusi, hapo mara nyingi kinabaki kipande cha kumalizia.

Kwa hiyo huyo anayesema haileti ugali, haileti sawa, lakini inazuia ugali usiondoke.

MamaNeema_TX

Mjomba hii nimem-screenshotia sasa hivi hajajibu yupo njiani 😂😂

Wanjiru_K

Mimi niko Minneapolis, mtoto wangu wa pili alifanya Human Geo. Nikwambie ukweli mama, si kitu ngumu, ni vocabulary mingi tu. Mtoto anaanza kukuuliza maswali kwa meza ile ya chakula, "mum nyinyi mlikuja kwa push factors ama pull factors", yaani tulisukumwa ama tulivutwa, nikamwambia nilikuja kwa ndege, kula chakula.

Lakini seriously, sisi watoto wetu wako na advantage hapo. Kuna yule jamaa Ravenstein na sheria zake za uhamaji, kwamba watu wengi wanahama mwendo mfupi na kwa hatua hatua. Mtoto akaandika ya babake, kijijini Nyeri, akaenda Thika, akaenda Nairobi, ndio akafika Minnesota. Mwalimu akaisomea darasa lote. Wale wengine walikuwa wanatoa mifano kwa kitabu tu.

MwalimuWaZamu

Wanjiru umegonga penyewe. Hilo somo lina sehemu 7: namna ya kusoma ramani na data, watu na uhamaji, utamaduni, siasa na mipaka, kilimo, miji, halafu viwanda na maendeleo. Sasa mchukue mtoto aliyewahi kukaa Dar hata likizo moja. Kuna modeli ya von Thünen, Mjerumani wa karne ya 19, anachora maduara kuzunguka soko, kinachoharibika haraka kinalimwa karibu, nafaka mbali kidogo, mifugo mbali zaidi kwa sababu ng'ombe anaweza kutembea mwenyewe kwenda sokoni. Mtoto wa Texas anakariri duara. Wa kwako mwambie afikirie mchicha wa bonde la Msimbazi pale katikati ya mji, mahindi ya Iringa, ng'ombe wa kanda ya ziwa wanaoishia mnada wa Pugu. Halafu muulize lori na barabara ya lami vimebadilisha nini kwenye hayo maduara, hapo ndo unapopata alama, mtihani unapenda sana kuuliza modeli inashindwa wapi.

Mtihani wenyewe ni saa 2 na robo, maswali 60 ya kuchagua kwa dakika 60, halafu matatu ya kuandika kwa dakika 75, nusu kwa nusu. Tangu 2025 unafanyika kwenye kompyuta kwa programu yao inaitwa Bluebook.

Bwana_Sheria

Samahani kwa kutibua nyuzi lakini AP ni biashara. College Board wanajiita shirika lisilo la faida, mtihani mmoja 2025 ulikuwa dola 99, mtoto akifanya mitano piga hesabu mwenyewe. Na vile vyuo vikubwa wazazi wanavyoviota wala havijali, Dartmouth walitangaza 2013 kwamba hawatoi tena krediti kwa AP. Shule 8 za binafsi za eneo la Washington DC mwaka 2018 zilisema zinaachana nazo kabisa, wanataka kutunga kozi zao zenye kina. Matajiri wanatoka sisi ndo tunaingia.

MwalimuWaZamu

Bwana Sheria uliyosema ni kweli ila shule ya matajiri ikiacha AP, ofisi ya udahili ya chuo inaijua ile shule kwa jina. Shule yetu ya kata ya huku hakuna anayeijua, kwa mtoto wetu ile 4 au 5 ndo inamsemea. Ukiiondoa abaki na nini?

FurahaUvira

Bonsoir wote. Miye natoka Uvira, tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi mbele ya kufika huku. Nataka kusema kwa ile pesa ya mtihani musiogope. Kama kipato ni kidogo College Board wanapunguza, na majimbo ingine ao wilaya ya shule inalipa yote. Kijana wangu hakulipa hata dola. Lakini muombe mbele ya mwezi wa kumi na moja maana kujiandikisha kunafunga Novemba, na ukichelewa kuna faini. Miye hakuna mutu aliniambia, mutoto mwenyewe ndiye aliuliza.

MamaNeema_TX

Asante sana mama Furaha, Novemba wakati mtihani mwezi wa tano? Hii ningepigwa.

Mkulima_Ohio

Jamani mbona hamzungumzii dual enrollment? Huku Ohio inaitwa College Credit Plus (CCP), mtoto kuanzia gredi ya 7 mpaka 12 anasoma kozi ya chuo kabisa, komyuniti koleji au chuo cha umma, bure, na vitabu bure. Minnesota wana ya kwao kama hiyo inaitwa PSEO, wao wameanza tangu 1985. Krediti inatokana na gredi ya darasani, hakuna kubahatisha siku moja ya mwezi wa tano ambayo mtoto ameamka na mafua. Kijana wangu alichukua saikolojia na sosholojia huko, zilihamia vizuri.

Tahadhari moja tu na hii ni nzito. Ile gredi inakaa kwenye transkripti ya chuo MAISHA. AP ukipata 2 hauipeleki, imeisha, hakuna aliyeiona. CCP ukipata D ukiwa na miaka 15, chuo cha udaktari miaka minane baadaye kitaiona hiyo D. Na mkienda jimbo lingine au chuo binafsi angalieni kwanza kama zitapokelewa.

Wanjiru_K

Kweli, huku kuna msichana wa kanisani kwetu alimaliza haiskuli na diploma ya miaka miwili ya chuo kwa wiki ile ile moja. Lakini alikuwa mtoto wa aina yake, si kila mtu.

Msomi_wa_Ilboru

Mimi nataka nigusie kitu ambacho hakuna aliyekisema na naona ndo kiini. Krediti ni krediti, ila mimi kilichonishika ni UANDISHI. Tuliosoma historia kwa Necta tunajua mchezo, swali linakuja "eleza sababu sita", unaandika utangulizi, unadondosha pointi sita kila moja na mfano wake, hitimisho, umemaliza. Ukiwa na pointi zako kichwani hata kama huamini hata moja unafaulu. Nilimaliza form six nikiwa naweza kukutajia sababu za ukoloni usingizini, ila ukiniuliza "ipi ilikuwa na uzito zaidi na kwanini" natoa macho.

Mdogo wangu tuliyemleta akiwa gredi ya 8 alifanya APUSH, nikawa nakaa naye usiku. Kuna kitu kinaitwa DBQ, wanampa nyaraka 7, barua, hotuba, katuni za gazeti, tangazo, jedwali, dakika 60 humo humo kusoma humo humo kuandika. Kwanza lazima aseme msimamo wake, siyo kurudia swali. Halafu atumie nyaraka kuutetea, aseme huyu aliyeandika ni nani, alikuwa anamwandikia nani, ana maslahi gani, na aongezee ushahidi mmoja ambao haupo kwenye hizo nyaraka. Alama 7. Ile ya mwisho ya uchambuzi wa kina inamtaka aonyeshe kwamba jambo lina pande zaidi ya moja na bado msimamo wake usimame.

Dogo esei yake ya kwanza aliandika kwa staili yangu niliyomfundisha, "firstly, secondly, thirdly", karudi na 2 kati ya 7. Ilipofika Machi alikuwa ananirekebisha mimi barua za maombi ya kazi. Sasa yuko mwaka wa pili anasoma uhandisi na ripoti za maabara wenzake wanamletea yeye azipitie. Huyo baba anayetaka hesabu tu mwambie injinia asiyejua kuandika atabaki kuwa fundi anayesainiwa na wenzake.

Bwana_Sheria

Hapa mkuu nakuunga mkono, japo "fundi anayesainiwa" umetutukana wengine.

Mswahili_wa_Kilwa

Samahani mimi niko nyumbani Lindi nasoma tu kwa udaku. Hivi kwenye hiyo historia ya dunia yao sisi tupo au ni Roma na Ugiriki mwanzo mwisho?

MwalimuWaZamu

@Mswahili_wa_Kilwa mpo na mnaulizwa kwenye mtihani. AP World ya sasa inaanzia mwaka 1200. Mwaka 2018 College Board walitaka ianzie 1450, walimu na wanafunzi wakaja juu kwamba ukianzia 1450 Afrika na Asia zinaingia kwenye hadithi siku Wazungu wanapofika na meli zao tu, ndo wakarudisha nyuma mpaka 1200. Na faida kubwa ya miaka hiyo 250 ni pwani yetu: sehemu ya pili ya kozi ni mitandao ya biashara, na biashara ya Bahari ya Hindi haifundishiki bila miji ya Waswahili. Pepo za msimu, dhahabu kutoka kusini huko Zimbabwe inapita Sofala inakuja Kilwa, Ibn Battuta anafika Kilwa 1331 anausifia mji. Wafanyabiashara Waarabu wanaohamia na kuoa pwani ni mfano uliomo kabisa kwenye mwongozo wa kozi.

Nina mwanafunzi ambaye bibi yake ni wa Kilwa Masoko, siku ya mada hiyo alileta picha za magofu ya jumba la Husuni Kubwa kwenye simu yake, darasa zima walikuwa wanadhani ni Misri.

Mswahili_wa_Kilwa

Aisee. Hapa kwetu watoto wanachungia mbuzi karibu na magofu.

Kibwengo

Uzi umekuwa mtamu. Nauliza, hiyo African American Studies ndo ile iliyoleta kelele Florida?

MwalimuWaZamu

Ndo hiyo. Ilianza majaribio kwenye shule kama 60 mwaka wa masomo 2022-23, Januari 2023 Florida wakaikataa, kozi ikafanyiwa marekebisho na ugomvi ukapamba moto pande zote, ikazinduliwa rasmi 2024-25. Inaanzia Afrika, Sudan ya Magharibi ya zamani (dola kama Mali na Songhai), Great Zimbabwe, pwani ya Waswahili, kabla ya kuvuka bahari, na mtoto anafanya mradi wake wa utafiti. Kama shule yenu inayo mtoto wa gredi ya 11 aichukue, ila krediti yake uliza chuo kwanza kwa sababu ni changa.

Zai_2004

Hi wakubwa zangu shikamooni, mimi ni mtoto niliyepitia haya juzi tu, niko chuo mwaka wa pili hapa Illinois (huku sheria inasema vyuo vya umma vipokee kuanzia 3). Nilifanya Human Geo, World, APUSH, Gov na Psych. Ushauri wangu kwa Neema ni asikusanye kama vocha, mwaka ule nilibeba 4 kwa pamoja nililia bafuni zaidi ya mara moja na sikumbuki nilichosoma. Moja gredi ya 9 inatosha sana. Ya 10 aongeze World kama alipenda.

AP Gov ndo niliipenda kuliko zote, kuna nyaraka 9 lazima uzijue, Katiba, makala kadhaa za Federalist za kuitetea hiyo Katiba, mpaka barua ya Martin Luther King kutoka jela ya Birmingham. Mama yangu alikuwa anajiandaa na usaili wa uraia mwaka huo huo, tukawa tunasoma wote jikoni, yeye anajua majibu mimi najua kwanini. Usaili alipita.

Na muda wa kujiandaa usinunue makozi ya hela, AP Classroom, tovuti ya College Board wenyewe, ipo bure na video zake na maswali, mwalimu anampa namba (code) ya kujiunga. Maswali ya kuandika ya miaka iliyopita yapo onlaini pamoja na jinsi yalivyosahihishwa, asome esei zilizopata alama ndogo pia siyo zile nzuri tu.

DadaRehema_CNA

Sisi wakubwa je?? Nafanya kazi nyumba ya wazee huku najiandaa kuingia unesi, nimeambiwa nahitaji saikolojia na human growth.

Mkulima_Ohio

Dada Rehema wewe angalia CLEP, ni ya hao hao College Board, haina umri wala darasa, unajisomea unaenda unafanya mtihani wa dakika 90 na vyuo vingi vinakubali kuanzia alama 50. Ipo ya saikolojia ya utangulizi na ipo ya Human Growth and Development. ILA baadhi ya programu za unesi hazikubali CLEP, piga simu pale unapotaka kuingia kabla hujafungua kitabu.

MamaNeema_TX

Wakuu narudi na mrejesho. Nilimuandikia kaunsela kama Mwalimu alivyonielekeza, kigezo ni kipi na fomu iko wapi. Kajibu siku ya pili, mpole kama maji, fomu ipo kumbe, nimesaini. Baba Neema kasoma hiyo ya saa 6 za Texas akanyamaza, halafu jioni nikamsikia anamwambia mtoto "hiyo uliyochagua ni nzuri sana" kama vile wazo lilikuwa lake. Masharti yake ni kwamba gredi ya 10 aweke na ya hesabu, nimekubali.

Sasa kuna mtu ana kitabu cha mazoezi cha Human Geo kilichotumika? Madukani bei imechangamka.

Mjomba_Houston

Ninacho cha kijana wangu kimechorwachorwa kidogo ila kinasomeka, njoo PM nikutumie. Mwingine atakayekupa angalia kwanza ukurasa wa mwanzo, kikisema mtihani una maswali 75 ya kuchagua ni cha kabla ya mabadiliko, hicho washia jiko.